Nyasi za Chumba cha Kungojea

Mara ya tatu nyasi zilipokufa, Khisa hakumwita daktari aje kuziona. Alikunja mikono ya shati, akatia mkono majini hadi kwenye kiwiko, akaanza kuzitoa. Hazikuhitaji kuvutwa. Zilikuwa zimegeuka rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili, na ukizigusa tu ziliachana na changarawe zikaelea juu. Alizikusanya kwenye beseni, akazimwaga nyuma ya nyumba, akarudi kuchemsha vyombo, kwa sababu wagonjwa wa kwanza walikuwa wakifika saa mbili na nusu.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1955, mjini Nakuru. Khisa alikuwa mtu wa Kimilili, umri wake miaka arobaini na miwili, na kwa miaka minane alikuwa ameajiriwa na Daktari Menezes, Mgoa aliyetibu meno katika jengo dogo karibu na stesheni ya reli. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchemsha koleo na sindano, kuosha mabeseni ya damu, na kuwashika mabega wagonjwa walioruka kwenye kiti. Wagonjwa hawakukosekana. Maji ya visima vya Nakuru yalikuwa na kitu ndani yake kilichopaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na daktari alizoea kusema kwamba angemtambua mtu aliyekulia Nakuru popote duniani, mradi afungue kinywa.

Tangi la samaki lilikuwa wazo la daktari. Aliona picha katika gazeti la ng'ambo: tangi la kioo, na chini yake nyasi fupi zimetanda kama zulia, visamaki vikipita juu. Aliamini mgonjwa akikaa mbele ya kitu kama hicho atasahau mlio wa mashine ya kutoboa jino. Akaita fundi wa chuma akamtengenezea fremu, kioo kikashikizwa kwa lami, na taa ya umeme ikawekwa juu chini ya kifuniko cha bati. Samaki wekundu walikuja. Nyasi zilitoka Nairobi kwa treni, ndani ya chupa ya peremende, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Samaki walistawi. Nyasi hazikupita wiki tano.

Daktari alipoona changarawe tupu asubuhi hiyo alisimama kidogo, koti lake jeupe mkononi. Akasema labda mikono ya Khisa ilikuwa mizito mno kwa mimea midogo namna ile. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mpole. Khisa aliendelea kupanga koleo. Siku hizo aliacha mambo mengi yapite bila jibu, si kwa hasira bali kwa uchovu, uchovu ambao usingizi haukuutoa.

Uchovu huo ulikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Aprili ya mwaka uliotangulia, askari walizunguka landhi walizokaa wafanyakazi, mlango kwa mlango, wakitafuta Wakikuyu, maana serikali ilishuku kwamba wote waliwasaidia wapiganaji wa msituni. Mke wa Khisa aliitwa Wangeci. Walikuwa wameoana kanisani miaka kumi na miwili, wakazaa wasichana wawili, Rahab na Nanjala. Wangeci alipelekwa kwenye kambi ya kuchujwa, akahojiwa siku sita, akaonekana hana kosa lolote. Hata hivyo hakurudishwa nyumbani. Alipakiwa kwenye gari pamoja na wengine na kupelekwa Murang'a, ati ndiko kwao. Wangeci alizaliwa Njoro, kwenye shamba la mzungu ambako baba yake alikamua ng'ombe. Murang'a hakuwahi kuikanyaga hata siku moja.

Khisa aliwapeleka watoto Kimilili kwa mama yake, akabaki peke yake katika chumba kimoja. Mara tatu alikwenda kwenye ofisi iliyotoa vibali. Mara tatu alisimama mbele ya meza ya afisa mmoja aliyeandika bila kuinua uso, na mara tatu aliambiwa alete barua ya mwajiri wake kwanza. Akamwomba Daktari Menezes barua hiyo. Daktari alivua miwani, akaifuta, akasema ni vizuri wangoje mambo yapoe kidogo. Khisa akangoja. Alipouliza tena baada ya Krismasi, mambo yalikuwa bado hayajapoa.

Jumapili zilikuwa ndefu kuliko siku nyingine. Jumapili moja mwishoni mwa Januari, aliposhindwa kukaa chumbani, Khisa alipanda treni hadi Rongai kumtembelea rafiki yake Kiprugut, ambaye aliwahi kujenga naye barabara zamani na sasa alichunga ng'ombe wa mzungu. Walikaa kando ya bwawa la shamba wakinywa mursik, maziwa yaliyogandishwa, kwenye kibuyu. Kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua nyingi, yakaacha mkanda wa matope pande zote, na ng'ombe walishuka kupitia hapo kwenda kunywa.

Khisa alikuwa akitazama kwato za ng'ombe bila kufikiri lolote. Kisha akaona kwamba matope yale hayakuwa matupu. Yalifunikwa na mmea mdogo sana, majani yake hayakuzidi urefu wa ukucha, umesongamana mpaka hukuona udongo. Aliinuka, akachuchumaa, akang'oa kipande kidogo. Mzizi mweupe ulitoka nacho, na kando yake uzi mwembamba uliotambaa kwenda kuzaa mche mwingine, na ule ukatambaa kuzaa mwingine. Akavua viatu akaingia majini. Humo pia mmea ulikuwepo, ule ule, lakini ulikuwa mrefu na dhaifu, mmoja hapa mwingine pale, umepauka kama mtu aliyetoka hospitali.

Alimuuliza Kiprugut kama mmea huo hufa mvua ikija na bwawa likijaa.

"Haufi," Kiprugut alisema. "Ukiwa umeshika matope, maji yakiufunika unakaa tu. Ule unaanza maisha chini ya maji ndio unapata taabu."

Khisa alisimama pale maji yakimfika magotini. Daktari alikuwa amemwagiza apande ndani ya maji, kwenye changarawe safi iliyooshwa mara saba, isiyo na chakula chochote. Ndipo samaki wale wakubwa walipokuja na midomo yao kuchimba. Hata yeye mwenyewe, kama angekuwa nyasi, asingeishi.

Alirudi Nakuru na debe moja la matope na kikapu cha nyasi zilizofunikwa gunia lililoloweshwa. Jumatatu akamweleza daktari. Alitaka kumwaga maji yote, kuwahamishia samaki kwenye pipa uani, kutandika matope chini na mchanga mwembamba juu, na kupanda bila maji mpaka nyasi zishike. Daktari aliuliza kwa muda gani. Khisa akasema wiki nane, labda kumi.

"Wiki kumi tangi bila maji, katika chumba cha kungojea," daktari alisema.

"Ndiyo, Daktari. Au utume tena Nairobi."

Daktari alifikiri juu ya chupa za peremende, akakubali.

Khisa alipanda Jumamosi mchana baada ya kazi, na Jumapili baada ya kanisa. Kwanza alichekecha matope kwa wavu wa dirisha kuondoa mawe na wadudu. Akayatandaza, unene wa vidole viwili mbele na vitatu nyuma, akayafunika na mchanga wa mtoni. Kisha akaketi kwenye kigoda na kikapu chake cha nyasi. Alizigawa mpaka kila kipande kikabaki na majani mawili au matatu na mzizi mmoja. Vidole vyake kweli vilikuwa vinene kwa kazi hiyo, basi akachukua kibano cha daktari, kile kirefu chenye ncha iliyopinda, kilichotumiwa kuweka pamba kwenye jino bovu. Alishika mche kwa mzizi, akausukuma ndani ya matope mpaka majani yakabaki yamechungulia tu, akafungua kibano polepole na kukitoa kwa upande ili mche usirudi nacho. Halafu mwingine, upana wa kidole gumba kutoka wa kwanza. Halafu mwingine.

Mgongo ulimuuma. Macho yalimwasha. Lakini aligundua, mahali fulani katikati ya safu ya nne, kwamba kwa muda mrefu hakuwa amefikiri juu ya meza ya yule afisa. Akili yake ilikuwa imelala chini kama mbwa. Alipomaliza alinyunyiza maji kwa mkono mpaka matope yakang'aa, akafunika tangi kwa vipande vya kioo, akawasha taa.

Wagonjwa walistaajabu. Mfanyabiashara mmoja wa nguo alitazama tangi lile la matope na vidoadoa vyake vya kijani, akauliza daktari amemzika nani humo. Daktari alicheka, lakini baadaye alimwambia Khisa kwamba hakupenda kuchekwa.

Wiki ya tatu mambo yaliharibika. Utando mweupe kama wa buibui ulitanda kwenye kona moja na miche ikaanza kuyeyuka. Khisa alidhani ndio mwisho, na jambo lililomshtua ni kwamba hakuhisi chochote. Alichukua kibano akatoa iliyooza kama alivyotoa meno yaliyoanguka sakafuni. Siku hiyo alisahau kurudisha kioo juu mchana kutwa. Jioni utando ulikuwa umenywea. Tangu hapo alifunua tangi kila siku saa sita hadi saa nane, upepo upite, na kuoza kukakoma.

Wiki ya tano nyuzi zikaanza kutambaa. Zilipita juu ya mchanga kama mshono, na kila baada ya nafasi ndogo majani mawili mapya yakachomoza. Wiki ya nane, mbele yote ilifunikwa. Mvua kubwa ilikuwa imeanza. Ilikuwa Aprili tena, mwaka mzima tangu Wangeci achukuliwe. Katika mwaka huo barua nne tu zilimfikia Khisa kupitia katekista wa kanisa lao, zote fupi, zote zikisema yu mzima na anachimba, kwa amri ya serikali, handaki la kuzunguka kijiji pamoja na wanawake wengine.

Maji ya bomba, yaliyotoka kwenye visima vile vile, Khisa hakuyataka. Kama yaliweza kupaka jino rangi, alifikiri, hayangekosa kuzidhuru nyasi. Alikinga ya mvua kwenye mapipa, akaweka sahani juu ya nyasi na kumimina kikombe kwa kikombe juu ya sahani hiyo ili matope yasitimke. Alijaza nusu, akangoja siku nne, akamalizia. Nyasi hazikulegea. Saa za mchana, taa ilipokuwa imewaka kwa muda, kila jani lilishika kitone kidogo cha hewa kwenye ncha yake, na vitone vikaachia kimoja kimoja kwenda juu. Samaki wekundu walibaki kwenye pipa uani. Badala yao daktari alileta visamaki vidogo visivyochimba.

Chumba cha kungojea kikabadilika. Watu walikaa kimya wakiangalia chini ya maji. Mwanamke mmoja aliyekuwa na jipu la jino alilala usingizi mbele ya tangi, Khisa akalazimika kumwamsha zamu yake ilipofika.

Mwezi wa Mei alikuja yule afisa.

Khisa alimtambua alipovua kofia. Aliitwa Bwana Lathbury, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba. Khisa alimfungulia mlango, akampa kiti, na yule bwana akapita kando yake kama mtu anavyopita kando ya mlango. Hakumkumbuka. Angemkumbukaje, na hakuwahi kumtazama. Alikaa, akashika shavu, kisha akaliona tangi. Alivuta kiti karibu. Daktari alipomwita, hakusikia mpaka mara ya pili.

Alipotoka kitini mwa daktari, mdomo ukiwa umekufa ganzi, alisimama tena mbele ya kioo na kuuliza kwa Kiingereza ni nani aliyetengeneza kitu hiki. Khisa alikuwa sakafuni akipangusa. Kiingereza chake kilitosha kuelewa swali, na kilitosha kuelewa jibu. Daktari Menezes alisema ni yeye.

Khisa aliendelea kupangusa. Jambo hilo halikumuuma sana kama lingemuuma miaka mitatu nyuma. Alichofikiri ni kwamba maji ya ndoo yamechafuka na inabidi akabadilishe.

Jino la Bwana Lathbury lilihitaji kutibiwa mara tatu. Mara ya pili aliwahi mapema apate kukaa mbele ya tangi. Mara ya tatu alikuja na daftari. Alitaka kujua kila kitu: nyasi zimetoka wapi, udongo gani, kwa nini zake zilikufa, maana na yeye alikuwa na tangi nyumbani na alikuwa amejaribu miaka miwili. Daktari alijibu swali la kwanza, akayumba la pili, na la tatu akageuka na kuita, "Khisa."

Khisa alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Daktari alimwomba amweleze Bwana. Khisa alieleza kwa Kiswahili, juu ya bwawa, matope, kioo, hewa ya saa sita, maji ya mvua. Bwana Lathbury aliandika. Mara akaacha kuandika, akainua uso.

"Wewe natengeneza hii," alisema. "Si daktari."

"Ni mimi, Bwana."

Daktari alikuwa akipanga kitu kwenye trei ambacho kilikuwa kimekwisha pangwa. Bwana Lathbury akamuuliza Khisa kama anaweza kuja nyumbani kwake siku za Jumamosi kufanya vile vile.

Khisa alimaliza kufuta mikono. Alimwona daktari akimtazama kwa jicho la kumwomba akubali upesi, jambo lipite. Na kwa kweli kukubali ndiyo ilikuwa njia nyepesi. Alikuwa amechoka mno kuanza jambo lingine. Lakini alijua pia kwamba mtu huyu hatainua uso mbele yake mara ya pili.

"Nitakuja, Bwana," alisema. "Lakini na mimi nina neno. Nimesimama mbele ya meza yako mara tatu. Mke wangu ni Wangeci. Alichujwa, hakuonekana na kosa, akapelekwa Murang'a. Hana nyumba huko. Nyumba yake iko hapa, na watoto wake ni wangu."

Maji ya kuchemshia vyombo yalikuwa yakitokota ndani. Shingo ya Bwana Lathbury ilikuwa nyekundu. Alisema hayo ni mambo ya ofisi, hayasemwi hapa. Kisha, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoachia kitabu, akauliza barua ya mwajiri iko wapi.

"Hiyo ndiyo sina," Khisa alisema.

Hakugeuka kumtazama daktari. Bwana Lathbury ndiye aliyegeuka. Daktari Menezes aliweka kibano chini. Halafu akaenda kwenye meza yake, akavuta karatasi yenye jina lake, akaandika. Aliandika kwamba anamjua Khisa kwa miaka minane, na mkewe pia, na kwamba anawadhamini. Akaikausha, akampa Bwana Lathbury mkononi.

Wiki nzima baada ya hapo daktari hakumsemesha Khisa zaidi ya maneno ya kazi. Jumamosi, alipokuwa akifunga mlango, alisema bila kugeuka, "Niliogopa, Khisa. Mimi pia naishi hapa kwa ruhusa ya watu."

Khisa alimwambia anajua. Alikuwa akijua siku zote. Kujua hakukupunguza ule mwaka.

Basi akawa anakwenda kwa Bwana Lathbury kila Jumamosi, juu mtaa wa Milimani, na kibano ambacho daktari alimpa kiwe chake. Alileta matope ya Rongai, akachekecha, akapanda, akafunika. Juni ikapita, Julai ikapita. Bwana huyo alikuja kusimama nyuma yake na kuuliza habari za mizizi, kwa adabu, na hakutaja kibali hata mara moja. Khisa naye hakutaja. Alikuwa amesema neno lake, na hakuwa na nguvu ya kulisema tena. Agosti maji yalipojazwa na nyasi zikashika, kulikuwa na Jumamosi moja alipotembea hadi ufuoni mwa ziwa, kule chini ya mji, akachota magadi ukoko mzima akaufunga kwenye leso. Alijua kitu hicho kingefanya nini kwenye tangi la watu. Alifika nao mpaka jikoni kwa Bwana Lathbury. Halafu akaona nyasi zilivyofunga kona ya mwisho, kijani kibichi, na akaona uvivu kuziua. Hazikumkosea. Alitupa magadi nyuma ya banda la kuku.

Kibali kilikuja Oktoba. Alikileta mjumbe wa ofisi kwa daktari, karatasi moja ya kijivu yenye muhuri: Wangeci aruhusiwe kukaa Nakuru kwa mume wake mwaka mmoja, asitoke nje ya mji. Hapakuwa na barua nyingine. Khisa hakujua kamwe kama ni nyasi, au barua ya daktari, au kama faili ilikuwa tu imefika zamu yake.

Wangeci alishuka kutoka treni ya Nairobi siku ya Alhamisi. Khisa alimtafuta kwenye behewa mpaka watu wakaisha, na mwanamke aliyekuwa amesimama karibu na nguzo akasema, "Baba Rahab." Khisa alikuwa amempita mara mbili bila kumtambua. Wangeci alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama ngozi ya kiatu. Hawakukumbatiana, watu walikuwa wengi na wote wawili hawakujua waanzie wapi. Khisa alichukua mzigo wake. Ulikuwa mwepesi.

Wangeci alilala siku tatu. Aliamka kula, akalala tena. Alipoanza kuzungumza, alisema machache: handaki lilikuwa na urefu gani, ni akina nani walikufa kwa kuhara, jinsi nyanya mmoja asiyemjua alivyompa pembe ya nyumba yake kwa sababu walikuwa wa ukoo mmoja. Khisa alimweleza mambo ya tangi, na aliona jinsi hadithi hiyo ilivyokuwa ndogo ikitoka kinywani mwake.

Jumapili akampeleka kuliona. Alikuwa na ufunguo. Aliwasha taa, na Wangeci akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Alitazama kwa muda mrefu visamaki vikipita juu ya kijani.

"Ni nzuri," alisema.

Khisa akasema ndiyo.

"Kule kijijini tulikuwa wanawake mia nne na zaidi, Baba Rahab. Wengi wana waume huku bondeni. Kila mmoja angehitaji mtu wa kumpandia nyasi."

Hakusema kwa kumlaumu. Alimshika mkono, akaugeuza, akatazama ngozi ya vidole iliyobabuka kwa maji na matope. Kisha akasema warudi nyumbani, ana usingizi.

Bwana Lathbury alihamishwa mapema mwaka uliofuata, na aliyepewa nyumba yake alitoa maji kwenye tangi akaweka humo kasuku aliyekaushwa. Kibali cha Wangeci kilifanywa upya mara moja, kwa barua nyingine ya daktari, ambayo safari hii Khisa hakuhitaji kuiomba. Baada ya hapo sheria zililegea na hakuna aliyeuliza tena.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Desemba ile ya kwanza Khisa alikwenda Kimilili peke yake kuwaleta watoto, maana Wangeci hakuruhusiwa kutoka mjini. Rahab, aliyekuwa na miaka kumi, alimkimbilia mama yake mlangoni akalia mpaka akapata kwikwi. Nanjala alikuwa ameachwa na miaka miwili. Sasa alikuwa karibu na minne, na mama aliyemjua alikuwa nyanya yake. Alijificha nyuma ya miguu ya baba yake, na usiku alilala akiwa amempa ukuta uso wake. Khisa alitaka kumgombeza. Wangeci akamwambia amwache.

Siku ya pili ikapita hivyo, na ya tatu. Siku ya nne asubuhi Wangeci alikuwa nje akiosha sufuria ya uji. Nanjala alitoka na kijiko chake, akachuchumaa mbali kidogo, akaanza kukisugua kwa mchanga kama alivyofunzwa Kimilili. Wangeci hakumtazama. Aliendelea na sufuria yake, na kwa mguu akasukuma beseni la maji taratibu mpaka likamfikia mtoto.